Tiketi nimelipia mtandaoni, getini naambiwa "imeshatumika". Hii imekaaje wakuu?

#1 Binti Sakina
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi kulikuwa na shoo hapa Arusha, upande wa Njiro. Jina la shoo na la tovuti iliyouza tiketi nayaweka kando, bado naongea nao. Tulikuwa wanne. Mdogo wangu ndiye aliyelipia zote kwa simu, elfu ishirini kila kichwa, ujumbe wa malipo ukaingia palepale na faili la tiketi likaja kwenye barua pepe yake. Getini wenzangu watatu wakapita. Zamu yangu naambiwa, "Dada, hii imeshatumika."

Yule kijana alikuwa anaskani kwa simu iliyopasuka kioo pembeni, kila baada ya mtu mmoja anaifuta kwenye tisheti. Yangu aliiskani, kioo kikafifia, akabonyeza kikawaka, akaskani tena, ikaja nyekundu. Nikamwambia umeskani mara mbili wewe. Akanijibu, "Mimi nafuata simu inavyosema." Nyuma watu wanasukuma, ndani muziki umeshaanza. Nikatoa elfu thelathini, bei ya getini, nikaingia.

Msimamo wangu kuanzia sasa: heri foleni ya mlangoni na karatasi mkononi kuliko hizi za mtandaoni. Anayepinga aje na hoja. Na mwenye kujua namna ya kuipima tovuti ya tiketi kabla hela haijatoka, atupe darasa.

#2 Chalii wa Kaloleni
Pole sista. Elfu hamsini kumuona msanii aliyeimba nyimbo nne, tena kwa kufuatisha santuri. Noma.

#3 Mzee wa Sanawari
Binti nakuunga mkono. Enzi zetu pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid unanunua kitiketi dirishani, mlangoni kinachanwa kipande, unabaki na kipande chako. Hakuna cha kijani wala nyekundu.

#4 Fundi Simu Stendi
Mzee wangu shikamoo, lakini hizo enzi ndizo zilizotufikisha huku. Vitiketi vya karatasi vilikuwa vinatolewa nakala za rangi kwenye maduka ya stationari mchana, jioni vinauzwa nje ya uwanja. Na mchezo mwingine ulikuwa wa ndani kwa ndani: mtu wa mlango anapokea tiketi, hachani, anazikusanya mfukoni, zinarudi dirishani zinauzwa upya. Mapato yanasomeka watu elfu tatu na uwanja umejaa hadi kwenye uzio. Ndiyo maana TFF wakaleta N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani.

#5 Dogo wa Njiro
Sahihisho dogo: N-Card si ya TFF. Ni mfumo wa Serikali, chini ya kituo cha taifa cha data, NIDC. Kadi hiyohiyo ndiyo watu wanayopandia pantoni Kigamboni. Kwenye mpira imeingizwa tu.

#6 Fundi Simu Stendi
Sawa, nimekuelewa. Hoja inabaki palepale.

#7 Kijana wa Geti
Kazi za geti nimefanya sana Arusha na Moshi: shoo, maonesho, hata matamasha ya injili yenye viti vya kulipia. Ngoja niweke sawa kitu kimoja. Tiketi yenye msimbo wa QR ndani yake hamna maajabu, kuna namba tu. Namba hiyo ipo kwenye orodha. Ukiskani, simu inaiuliza orodha: ipo? imeshaingia? Kama ipo na haijaingia, inatoa kijani na hapohapo inawekewa alama kwamba imepita. Ukiirudia sekunde mbili baadaye unapata nyekundu, hata kama mwenye tiketi bado yuko mbele yako anakutolea macho.

Kwa alivyoeleza mleta uzi, mimi naona skani ya kwanza ilikubali na kijana hakuiona kwa sababu kioo kilififia. Programu nyingi za geti ukigusa ile nyekundu inakuonesha saa ambayo tiketi ilitumika. Ikiwa ni dakika hiyohiyo, unampitisha mtu na unamwomba radhi. Ikiwa ni saa nzima nyuma, hapo kuna kesi. Tatizo vijana wengi wanapewa simu saa kumi na moja jioni, darasa lenyewe ni "kijani apite, nyekundu asipite", basi.

#8 Binti Sakina
Kijana wa Geti ahsante. Hakugusa chochote. Ningelijua hilo ningemshikia kiuno palepale.

#9 Meku wa Rau
Aise kabla hamjamhukumu kijana wa watu, swali kwa mleta uzi. Faili lilikuwa moja lenye kurasa nne, au kila mtu alitumiwa lake?

#10 Binti Sakina
Moja. Mdogo wangu alilitupia kwenye kundi letu la WhatsApp, kila mtu akafungua kwenye simu yake. Tulipangana kabisa nani ukurasa wa ngapi.

#11 Meku wa Rau
Kupangana ni kwenye gari. Getini giza, mtu anafungua faili linakuja ukurasa wa kwanza, anaweka mbele ya mashine. Naona mmoja wenu alitumia ukurasa wako. Mwandikie muuzaji umuulize katika zile namba nne, ipi haijawahi kuskaniwa. Ikipatikana moja, umepata jibu.

#12 Chalii wa Kaloleni
Meku umehamia lini kitengo cha upelelezi? 😂

#13 Meku wa Rau
Nimelelewa na mama muuza duka, Majengo. Kila jioni ilikuwa ni upelelezi.

#14 Shangazi Pasua
Mimi nina swali la kiuchokozi. Huyo mdogo wako aliweka tiketi stetasi?

#15 Binti Sakina
Jamani. Aliweka. Lakini ule msimbo aliufunika na emoji ya moto.

#16 Fundi Simu Stendi
Emoji moja ya moto? Haitoshi. Misimbo ya QR imetengenezwa isomeke hata ikichafuka au kuchanika. Kuna viwango vinne, cha chini kinavumilia karibu asilimia 7 kupotea, cha juu kinafika asilimia 30. Yaani ukifunika sehemu ndogo katikati, mtu anapiga skrinishoti ya stetasi na mashine inaisoma vizuri tu. Ukitaka kujigamba kwa watu, funika mraba wote, au piga picha ya viatu.

Na anayewahi ndiye anayeingia. Mashine haijui nani alilipa.

#17 Dogo wa Njiro
Mnazunguka sana. Mimi nasema ni watu wa geti haohao. Unampa simu aishike mwenyewe, mwenzake pembeni kasimama na simu yake anapiga picha za misimbo, zinarushwa kwa washkaji wako geti la pili. Wale wanaingia wa kwanza, wewe uliyelipa unabaki unajieleza.

#18 Kijana wa Geti
Dogo, hiyo umeiona au umeihisi? Geti lina watu mia mbili wanasukuma, nani ana muda wa kupiga picha na kurusha? Na namba inawekewa alama ndani ya sekunde, huyo mshkaji wa geti la pili atawahi saa ngapi?

#19 Dogo wa Njiro
Mtandao ukiwa umekata je?

#20 Kijana wa Geti
Hapo umegusa penyewe, nakubali. Intaneti ikikata, kila simu ya geti inabaki na orodha yake iliyopakuliwa mapema. Geti A halijui geti B limepitisha nani mpaka mtandao urudi na simu zilinganishe orodha. Katikati ya hapo tiketi moja inaweza kupita mageti mawili, zote kijani. Lakini angalia, hiyo inaleta kijani mbili, haileti nyekundu. Binti alipata nyekundu, maana yake simu ile ilikuwa na taarifa.

#21 Mhasibu Ngarenaro
Wakati mnachunguza jinai, nijibu lile swali la pili, la kupima tovuti, maana ndilo lenye hela.

Watu wanaangalia tovuti imependeza. Kupendeza siku hizi ni kazi ya usiku mmoja. Wengine wanaangalia lile kufuli dogo juu kwenye anwani. Kufuli linasema tu kwamba mnachozungumza wewe na tovuti hakisomwi na mtu wa katikati. Tapeli naye analipata, tena bure. Tiki ya bluu Instagram nayo tangu 2023 inalipiwa kwa mwezi kama king'amuzi.

Mimi natazama njia ya hela. Mfumo wa kweli ukishaweka namba yako, ombi la malipo linakuja kwenye simu yenyewe, linataja jina la biashara na kiasi, na namba ya siri unaiweka kwenye menyu ya mtandao wa simu. Tovuti ikikuomba uandike namba ya siri ndani ya ukurasa wake, funga uondoke. Ikikwambia "tuma kwa namba hii kisha utume skrinishoti WhatsApp", hapo hakuna mfumo wa tiketi, kuna mtu na simu yake.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaulizi: hela inakaa kwa nani mpaka shoo iishe? Kuna wauza tiketi wanaoishikilia hadi shoo ifanyike ndipo wampe promota. Kuna wanaompa mapema kwa sababu promota anatakiwa amlipe msanii, jukwaa, spika na jenereta. Shoo ikiahirishwa, huyu wa kwanza anaweza kukurudishia. Wa pili atakwambia "wasiliana na mwandaaji", na mwandaaji ameshazima simu. Soma masharti yao sehemu ya kurejesha hela. Kama hayapo kabisa, hilo nalo ni jibu.

#22 Shangazi Pasua
Mhasibu ubarikiwe. Hiyo ya "tuma kwa namba hii" imempata jirani yangu hapa Moshi. Tamasha la injili, bango zuri, waimbaji wakubwa. Ukurasa wa kweli wa waandaaji upo, na tapeli akafungua mwingine wenye jina lilelile, kaongeza kistari cha chini mwishoni. Picha zote kazihamisha. Akawa anakaa kwenye maoni ya ukurasa wa kweli: mtu akiuliza "tiketi zinapatikana wapi?", yeye anamjibu haraka kuliko wenyewe, "karibu inboksi mpendwa". Mpendwa! Jirani akatuma za familia nzima. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamume wa kawaida tu, akaambiwa huyo ndiye mweka hazina wa kwaya.

#23 Chalii wa Kaloleni
Mweka hazina wa kwaya 😂😂 ile "ile pesa tuma kwenye namba hii" imeokoka.

#24 Fundi Simu Stendi
Mhasibu nakubaliana na wewe nusu. Watu wasidhani Lipa Namba ni kinga. Jina la biashara likitokea pale linakuonesha kwamba mtu amesajili namba ya malipo, halikuoneshi kwamba kuna shoo. Naweza nikawa na kibanda cha vocha, nikasajili Lipa Namba yenye jina zito, nikauza tiketi za AFCON kesho asubuhi.

#25 Tajiri Mtarajiwa
Tena za AFCON wameshaanza! Kuna mtu kwenye kundi letu la mtaa anapokea "nafasi" za mechi za AFCON 2027 pale Sheikh Amri Abeid. Kiasi kidogo tu cha kushikia.

#26 Mzee wa Sanawari
Kijana, AFCON ya Arusha haichezwi Amri Abeid. Uwanja unaojengwa ni mpya, kule Olmoti, wa watu 30,000. Huyo anayeuza nafasi hajui hata uwanja uko wapi, na nyie mnampa hela?

#27 Tajiri Mtarajiwa
Mimi sijampa mzee. Namfuatilia tu.

#28 Mhasibu Ngarenaro
Tiketi za AFCON zinauzwa kwa njia ambazo CAF na kamati ya maandalizi wanazitangaza wenyewe. Hakuna cha nafasi ya kushikia. Fundi, hoja yako naipokea, ndiyo maana nimesema njia ya hela pamoja na masharti, sikusema jina pekee.

#29 Mbeba Begi
Nachomekea ya Moshi. Kila mwaka ikikaribia Kili Marathon, namba zikiisha, yanaanza matangazo: "nauza namba ya kilomita 21, nimeumia goti". Ukiyasoma yote utadhani Kilimanjaro nzima ina ugonjwa wa goti. Wengine ni wa kweli, wengine wanauza namba moja kwa watu watano, wa kwanza kufika kuchukua pakiti ndiye mwenye mali.

Tena hata akiwa mkweli, namba ya mbio haihamishwi kienyeji. Imefungwa na jina, jinsia na umri, na kule ndani kuna mtu wa kupigiwa simu ukipata dharura. Unaanguka ule mlima wa kuelekea Mweka, watu wa huduma ya kwanza wanampigia mke wa mtu mwingine kumwambia mumewe kazimia. Yeye mumewe yuko sebuleni anakula mtori.

#30 Meku wa Rau
Hapo kwenye mtori nimecheka hadi mteja kaondoka.

#31 Tajiri Mtarajiwa
Kwa kweli tatizo letu ni utitiri. Kila promota na tovuti yake. Tungekuwa na kampuni moja kubwa kama Ticketmaster ya Marekani, iliyoungana na Live Nation 2008, haya yote yasingekuwepo.

#32 Dogo wa Njiro
Ni 2010 waliungana, siyo 2008. Na hao unaowatamani Novemba 2022 waliuza tiketi za ziara ya Taylor Swift, mfumo ukalemewa, uuzaji wa jumla wakaufuta, Januari 2023 wakaitwa kwenye Seneti kujieleza. Mei 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikawashtaki kwa kuhodhi soko. Mwaka huohuo taarifa za wateja wao zikadukuliwa. Ukubwa haujawaokoa.

#33 Tajiri Mtarajiwa
Lakini angalau ni wa kweli, tiketi ipo.

#34 Mhasibu Ngarenaro
Tiketi ipo na bei nayo ipo. Malalamiko makubwa kule yalikuwa ni ada zinazochomoza mwishoni: umeona bei moja, ukifika kwenye kulipa imepanda. Mpaka Mei 2025 ilibidi kanuni mpya ianze, bei kamili ioneshwe toka mwanzo. Na huku mchezo upo. Unaona "elfu ishirini", ukilipa unakuta ada ya huduma, juu yake makato ya mtandao wa simu. Mimi nikiona bei inabadilika hatua ya mwisho natoka, hata kama ni mia tano.

#35 Chalii wa Kaloleni
Mhasibu mia tano unatoka? Wewe ndiye unayeomba chenji kwenye kifodi.

#36 Mhasibu Ngarenaro
Chenji yangu ni haki yangu.

#37 Wakili wa Jioni
Nimechelewa kuingia. Kuna wanaodhani hakuna sheria ya haya mambo. Ipo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya mtandao ajitambulishe: jina, anwani, mawasiliano, maelezo ya anachouza na bei kamili. Kwa hiyo tovuti ya tiketi isiyo na jina la kampuni wala anwani, yenye fomu ya "wasiliana nasi" pekee, imeshakukosea kabla hujalipa. Jina ukilipata, litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, uone kama kampuni ipo.

#38 Tajiri Mtarajiwa
Si ni ile sheria ya makosa ya mtandao ya 2010?

#39 Wakili wa Jioni
Hapana. Ya 2010 ni ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Ya Makosa ya Mtandao ni 2015, mwaka mmoja na hiyo niliyoitaja. Ya makosa ndiyo anayokabwa nayo tapeli, ya miamala inamhusu muuzaji anayefanya biashara. Kesi ya Binti Sakina ni ya biashara mpaka ionekane vinginevyo. Aandike malalamiko kwa maandishi, aambatanishe namba ya muamala, aombe kumbukumbu ya saa kila tiketi iliposkaniwa. Aombe kwa upole. Wakikaa kimya, Tume ya Ushindani, FCC, inashughulika pia na kumlinda mlaji.

Jirani yake Shangazi Pasua ndiye wa polisi. Na zile jumbe za kitapeli apeleke 15040, ataulizwa namba iliyotuma, anaiandika.

#40 Shangazi Pasua
Polisi alikwenda. Ahsante wakili.

#41 Binti Sakina
Mrejesho. Wamenijibu asubuhi. Wanasema tiketi zote nne kwenye mfumo zinaonekana zimetumika. Nimewaomba saa, wameniambia "suala lako limepelekwa kwa timu ya ufundi".

#42 Meku wa Rau
Zote nne? Basi nadharia yangu ya ukurasa inayumba. Labda kama yule kijana alipokurudia tayari...

#43 Kijana wa Geti
Haiyumbi peke yake, inakufa. Zote nne zimetumika na watu walioingia kwa tiketi ni watatu. Ya nne ama iliskaniwa na kijana mwenyewe mara mbili, kama nilivyosema toka mwanzo, ama kuna mtu alitangulia nayo.

#44 Fundi Simu Stendi
Aliyetangulia na ile ya stetasi. Ukurasa uliowekwa stetasi ulikuwa wa ngapi?

#45 Binti Sakina
Mdogo wangu anasema wa kwanza, yaani wake. Na yeye alipita.

#46 Shangazi Pasua
Anasema.

#47 Chalii wa Kaloleni
Shangazi hana huruma 😂

#48 Dogo wa Njiro
Au muuzaji aliuza namba moja mara mbili. Mbona hilo hamlisemi? Mfumo ukilemewa, malipo ya watu wawili yanaingia sekunde moja, wote wanapewa namba ileile. Mimi si mtu wa kompyuta sana ila nimesikia.

#49 Kijana wa Geti
Inawezekana kwa mfumo uliotengenezwa ovyo. Mifumo mizuri namba haijirudii.

#50 Dogo wa Njiro
Na mzuri utaujuaje kabla ya nyekundu? Tumerudi palepale.

#51 Mbeba Begi
Ulaya siku hizi kuna tiketi ambazo ule msimbo unabadilika wenyewe kila baada ya sekunde kadhaa ndani ya programu, skrinishoti haifanyi kazi. Mgeni wangu mmoja alinionesha tukiwa Machame, ilikuwa ni ya mpira.

#52 Mzee wa Sanawari
Na simu ikizima chaji?

#53 Mbeba Begi
Unarudi nyumbani mzee.

#54 Mzee wa Sanawari
Karatasi haizimi chaji.

#55 Chalii wa Kaloleni
Tukiwa kwenye mpira, kaka yangu yuko Uingereza. Alinunua tiketi ya ligi kwa mtu mtandaoni, akafika London anakuta ni kadi ya uanachama ya mzee mmoja, geti limeigomea. Kule kuuza tiketi ya mpira bila idhini ya klabu ni kosa tangu sheria ya 1994. Kilichomsaidia ni kwamba alilipa kwa kadi ya Visa, akaenda benki akapinga muamala, hela ikarudi baada ya muda. Angetuma taslimu ilikuwa imekwenda.

#56 Mhasibu Ngarenaro
Hilo ni la kushikilia. Kadi ina mlango wa kupinga muamala, kwa kawaida una hadi siku 120, unaanzia benki iliyokupa kadi. Pesa ya simu ukishaituma mwenyewe kwa hiari yako, kampuni ya simu inaweza kuizuia tu kama bado haijatolewa. Kwa hiyo tiketi kubwa, za nje hasa, mimi nalipa kwa kadi ya mtandaoni niliyoiwekea kiasi hichohicho tu.

#57 Mama Rombo
Nimesoma uzi wote nikisubiri mfike kwenye tiketi ya maana, ya basi la Desemba. Hamjafika. Shoo unaweza kuikosa, Krismasi ya Rombo huwezi kuikosa. Mwaka jana walanguzi pale stendi ya Magufuli, Dar, walikuwa na viti ambavyo mtandaoni vinasomeka vimejaa. Walivipataje?

#58 Meku wa Rau
Mama ushatuumiza wote sasa.

#59 Fundi Simu Stendi
Tiketi mtandao za LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, zilikuja kuziba hilo, jina la abiria linaandikwa. Lakini mawakala wanakata mapema kwa majina yoyote, basi likikaribia kuondoka kondakta haangalii kitambulisho, anaangalia kiti na nauli. Jina si kitu kama hakuna anayelisoma mlangoni.

#60 Kijana wa Geti
Na sisi getini vivyo hivyo. Tiketi ina jina la mtu, sijawahi kuambiwa nilisome.

#61 Dogo wa Njiro
Treni je? Si ilirudi, Moshi 2019 na Arusha 2020?

#62 Mama Rombo
Treni haiendi kila siku, na nina magunia. Nani anajua kama nikikata tiketi ya basi kwa jina langu na akasafiri mwanangu, wanamkatalia?

#63 Fundi Simu Stendi
Mama, usikae na hofu hiyo njiani. Nenda ofisi ya basi husika na namba ya tiketi, waombe wabadilishe jina kabla ya siku yenyewe, wakupe mpya iliyochapwa jina la mwanao. Usikubali waandike kwa kalamu juu ya ile ya zamani.

#64 Mama Rombo
Sawa mwanangu. Magunia nayo yanaandikwa jina?

#65 Fundi Simu Stendi
Magunia yana risiti yake ya mzigo, dai upewe. Na uandike namba ya simu kwenye gunia lenyewe kwa kalamu nzito, pande zote mbili.